Betri Iliyolowa Kiangazi

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakimiminika Kigoma kwa maelfu, mtandao wa Buzebazeba uliugua. Kupiga simu na kuongea mtu aliweza bila shida. Lakini picha, ujumbe wa sauti na chochote kinachokula data kilikwenda kwa mwendo wa kobe aliyepewa barua ya kusimamishwa kazi. Bwana mmoja alimtumia jirani yake rambirambi, zikafika siku ya arobaini, pilau limeshaliwa. Picha ya harusi ya binti wa mtaa wa juu ilianza kufunguka Jumamosi. Bwana harusi alionekana Jumatatu, na bibi harusi alipotokeza, watu wanaapa kwamba wale wawili walikuwa wameshaachana.

Sajenti Melania wa upelelezi hakuwa na habari na harusi. Alikuwa na faili lililotua mezani kwake Jumatano asubuhi, baada ya kupita kwa wenzake wawili ambao kila mmoja aliliachia doa la chai na hakuongeza kingine. Mtuhumiwa ni Lyse Nizigiyimana, miaka ishirini na sita, mkimbizi, mwenye kibanda cha kuchajia simu kilichoegemea uzio wa mnara. Amekutwa na betri ya mnara chini ya meza yake. Mashahidi, nusu ya mtaa. Hitimisho lilikuwa limeandikwa kabla ya upelelezi: wakimbizi ndio waliokula mtandao.

Mkuu wa kituo alimweleza kwa kifupi. Ijumaa saa nne asubuhi kuna basi linalorudisha watu kambini. Melania aandike maelezo, yule dada apande, mtaa utulie.

"Kibali chake cha kukaa mjini kinasema anamuuguza baba yake," Melania alisema. "Mzee Niyokwizera, wodi ya wanaume, amekatwa mguu."

"Hospitali ina manesi."

"Manesi wapo, afande. Ila uji huletwa na ndugu."

Mkuu alitazama saa yake. Akasema kama kuna la kupeleleza, lipelelezwe kabla basi halijawaka.

Lyse alikuwa mahabusu siku ya nane, siku ambazo sheria haikuzijua na hakuna aliyeziuliza. Melania, mzaliwa wa Kalinzi kule mlimani, alimsalimia kwa Kiha naye akajibu kwa Kirundi. Lugha zile ni kama ndugu waliogombania shamba, hawatembeleani lakini wanasikilizana. Kabla ya yote Lyse aliuliza kama mzee amekula. Melania akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili amekuwa akimmegea ugali, na kwamba mgonjwa huyo anaruhusiwa Ijumaa.

Akamuuliza betri ilifikaje chini ya meza.

"Niliambiwa niitunze."

"Na nani?"

Lyse alitazama sakafu kama mtu anayesoma gazeti.

"Mdogo wangu, Ijumaa haiko mbali."

"Afande, kule tulikotoka, aliyesema 'niliona' ndiye aliyetangulia kuzikwa. Mimi sikuona mtu."

Melania akaacha kuuliza habari za mtu, akauliza habari za kitu. Betri ilikuwaje? Nzito, Lyse alisema, alisaidiwa kuisukuma. Ya rangi gani? Kijivu. Safi au chafu? Hapo Lyse alifikiri kidogo.

"Ilikuwa imelowa. Nilitandika gunia chini yake, maji yasije yakaingia kwenye simu za watu."

Sajenti aliandika neno lile akalipigia mstari mara mbili. Ilikuwa Julai. Mvua ya mwisho Buzebazeba ilishasahauliwa hata na vyura.

Mnarani alikutana na Bariki, fundi wa kampuni, kijana mrefu aliyeonekana amezoea kulaumiwa. Fundi alifungua kabati la chuma na kumweleza mambo kwa lugha ya kibinadamu. Umeme wa mji ukikatika, mnara hula betri. Ziko nane. Zikiwa zimeshiba, hakuna mtaani anayejua kama umeme umekatika. Zikiwa na njaa, mtambo wenyewe huanza kubana matumizi: huzima mitambo ya data ya kasi kwanza, hubakiza simu za kuongea, kama mama mwenye nyumba anayezima redio akabakiza taa. Ndipo simu za watu zinapoacha kuandika H, alama ya kasi, zikaanza kuandika E, alama ya kobe. Na mwaka ule umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku, saa nne hadi saa tisa mchana.

"Kwa hiyo kuna anayezinyima chakula," Melania alisema.

"Au anayezimaliza. Nilikuja asubuhi ile kukagua, nikazikuta saba na zote tupu. Ya nane ilikutwa kwa yule dada. Na tangu akamatwe, afande, mtandao uko safi. Mimi mwenyewe sielewi alifanyaje, lakini uko safi."

Hilo ndilo lililomkaba Lyse kuliko betri yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umeona kwa macho yake kwamba mwizi ameingia ndani na mtandao umepona.

Funguo za kabati ziko kwa nani? Kwa Bariki, na nyingine ya dharura kwa mlinzi. Mlinzi huyo, Gervasi, alikuwa mtu mzima mpole anayefuga kuku ndani ya uzio. Kuku wale walikuwa wanono hadi tumbo likigusa ardhi. Inasemekana jogoo wao alipowika alilazimika kukaa kwanza. Melania akawasifia, akauliza wanakula nini.

"Pumba tu, afande."

"Hata dagaa hawaonjeshwi?"

"Mimi na ziwa mbalimbali. Dagaa hunitoa vipele."

Melania aliitikia kwa kichwa, akamwomba kiti maana miguu ilimuuma. Gervasi alipokwenda kukifuata, sajenti aliinama kabatini. Kwenye grisi ya vichwa vya betri ya tatu kulikuwa na vitu vidogo vinavyong'aa, vyembamba kuliko karatasi. Alikibandua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa gamba la dagaa. Akachomoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ile anayopaka vidole vya miguu visivyoonwa na mtu ndani ya buti la polisi, akazitia betri zote saba nukta moja moja chini ya mshikio. Bariki aliinama kuzitazama. Melania alimwomba asimwambie mtu, hata mke wake. Bariki akasema hana mke. Mtandao ule ulimwachisha wawili.

Kutoka hapo alikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti Anatoli alimpokea kwa soda. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na huzuni ya kiongozi usoni. Alieleza kwa kirefu jinsi watu wake walivyoteseka, jinsi alivyowaonya kuhusu wale wageni wanaojazana kwenye uzio wa mnara kupiga simu Bujumbura, na jinsi siku ile betri ilipokosekana ni yeye aliyesema waanze kutafuta kibandani. Alipoulizwa kama kuna kumbukumbu, alitoa kwa fahari daftari kubwa la malalamiko. Kila siku mtandao uliposumbua aliandika tarehe na jina la mlalamikaji, kwa mwandiko wa kukaribisha wageni.

"Chukua, afande. Mimi naamini katika maandishi."

Melania alilala nalo mezani. Malalamiko yalikwenda siku kumi na nane, ishirini mfululizo, halafu siku tisa kimya, halafu kelele tena. Kimya cha sasa kilianza Lyse alipokamatwa, sawa. Lakini mwezi uliopita nao ulikuwa na kimya chake, na uliotangulia pia, na miezi yote hiyo Lyse alikuwa kibandani mwake akichaji simu za watu. Kwa hiyo kukamatwa kwake hakukuponya kitu. Aliyeuponya mtandao ni mtu mwingine.

Nani? Sajenti alijaribu Jumapili, hazikulingana. Alijaribu siku za mnada, mwisho wa mwezi, sikukuu. Mtoto wa Kalinzi huhesabu mwaka kwa kahawa: inachanua, inaiva, inachumwa. Kwa kahawa lile daftari halikusema kitu.

Alhamisi alishuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, na gamba lake ndani ya kipande cha karatasi. Alitarajia kelele za mwaloni. Akakuta chanja za kuanikia dagaa ziko tupu, wanawake wanasukana nywele, mitumbwi imelala mchangani kama ng'ombe walioshiba. Mchuuzi mmoja, Eufrasia, alikuwa na fungu dogo la dagaa wakavu, na alipotaja bei Melania aliuliza kama wamekaangwa kwa dhahabu.

"Mbalamwezi, mama," Eufrasia alisema. "Wewe si mtu wa ziwani, eeh?"

"Wa Kalinzi."

"Ndiyo maana." Akamhurumia. Akamweleza kama anavyoelezwa mgeni: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni taa, dagaa hawajui waifuate ipi, hivyo watu hufunga kazi siku tisa, kumi. "Leo ndiyo wanarudi majini. Kesho asubuhi njoo, bei itakuwa ya binadamu."

Melania aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akauliza mbalamwezi ya mwezi uliopita ilianza tarehe ngapi. Eufrasia alizitaja bila kufikiri, mwanzo na mwisho, za mwezi huo na wa kabla yake, kama mama anavyotaja siku alizojifungua. Melania alikuwa amefungua daftari magotini. Kila tarehe mwanamke aliyoitaja, mwenyekiti alikuwa ameiacha tupu.

"Taa za siku hizi bado ni karabai?" aliuliza, sauti imeshuka.

Wachache, Eufrasia alijibu. Mafuta ya taa ghali. Wengi wanatumia balbu na betri, ila betri zao ndogo, saa saba ya usiku zimeshasinzia. "Isipokuwa mitumbwi minne ya pale mwisho. Hiyo inawaka mpaka kuche. Ule unaoitwa Usinicheke, ukiwa majini, Mkongo wa ng'ambo anaweza kusomea barua."

"Wa nani?"

"Kwenye karatasi ni wa Feliksi. Feliksi mwenyewe hana hata suruali ya akiba." Akageuka, akaanza kupepea nzi ambao hawakuwepo.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado limejificha nyuma ya mlima wa mji, mitumbwi ilianza kuingia. Mwalo uliokufa jana ulifufuka. Wapagazi walikimbia na beseni kichwani, wanawake walitukanana kwa upendo, mchanga ukawa fedha tupu. Melania alivaa khanga juu ya sare na kusimama na Eufrasia kama mnunuzi. Saa moja ikapita, Usinicheke haujaonekana. Saa moja na nusu. Eufrasia alisema pengine wamepata wengi. Pengine wamekwenda kushusha kwingine. Melania alihesabu dakika zilizobaki hadi saa nne. Mjini, mfungwa mmoja alikuwa anaambiwa akunje blanketi.

Saa mbili na robo ulitokeza, umezama hadi ukingoni kwa dagaa. Kabla hata haujagusa mchanga, bodaboda mmoja aliingia majini hadi magotini na gunia tupu mkononi. Nahodha akamrushia kamba, akainama, akanyanyua kitu cha kijivu kinachochuruzika maji.

"Kizito hicho," Melania alisema, akifungua khanga. "Niwasaidie?"

Nahodha alitazama sare, akatazama ziwa, kana kwamba Kongo ilikuwa karibu kuliko jana. Melania aliigeuza betri. Chini ya mshikio, katikati ya magamba, ilikuwepo nukta nyekundu, nzuri kama ya bibi harusi.

"Ya nani hii?"

"Ya tajiri, afande. Sisi tunapewa jioni, tunarudisha asubuhi. Anayezileta ni huyu wa pikipiki, anazitoa kwa mlinzi."

"Tajiri ni Feliksi?"

Nahodha alicheka kwa uchovu. "Feliksi ni shemeji. Tajiri ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupi?"

"Wa kule juu. Wa Buzebazeba. Anatoli."

Melania alimkabidhi askari wa mwaloni nahodha na mtumbwi, akapanda pikipiki ile ile na betri mapajani, maji ya ziwa yakimwingia kwenye buti. Walipita mnarani. Gervasi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri mzigo wake wa kila asubuhi, na mzigo ukafika pamoja na sajenti. Hakukimbia. Aliuliza kama anaweza kwanza kuwafungia kuku. Njiani alieleza yote bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayetua gogo: kwamba mwenyekiti ndiye aliyempa kazi, kwamba asubuhi ile betri ya nane ilichelewa kurudi na fundi yuko kabatini, ikabidi aifiche kwa dada wa watu, kwamba ni yeye Gervasi aliyemwambia dada huyo akimtaja, kibanda chake kitang'olewa. Alilipwa kwa ndoo ya dagaa. Vipele ni kweli anavyo, alisema, ndiyo maana waliliwa na kuku.

Basi lilikuwa linanguruma nje ya kituo, saa nne kasoro dakika saba. Lyse alikuwa mguu mmoja kwenye ngazi, mfuko wa plastiki mkononi. Karibu na mlango, Anatoli alikuwa anawaambia watu wachache kwamba hana chuki na mtu, anataka mtaa wake uendelee.

Melania aliitua betri miguuni pake. Maji yakatapakaa kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Umepata nyingine," Anatoli alisema. "Si niliwaambia? Wako wengi."

"Mwenyekiti, unaamini katika maandishi?"

"Sana."

Alimfungulia daftari lake. Akamwomba asome kwa sauti tarehe ambazo hakuna malalamiko. Anatoli alisoma mbili, tatu, kwa mbwembwe. Ya nne sauti ikapungua. Alikuwa mtu wa ziwa. Tarehe zile alizijua kwa mfuko wake, ila hakuwahi kuziona zikiwa zimekaa pamoja kwenye ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mbona umenyamaza?" Melania aliuliza. "Nikusaidie? Hizo ni siku mitumbwi yako minne inapolala."

"Sasa sajenti, unataka kumpeleka mwezi mahakamani?"

"Mwezi ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni hii nukta, niliipaka Jumatano nyinyi mkidhani nimechoka miguu. Wa tatu yuko pale kaunta anauliza nani atawapa kuku maji. Nahodha wako yuko njiani."

Anatoli aligeukia basi. Akamwambia dereva kwamba muda umefika, aondoke. Dereva alizima injini.

Mkuu wa kituo alitoka, akatazama betri, daftari na viatu vilivyolowa, kwa mpangilio huo. Akasema Lyse ashushwe, kibali chake kirudishwe, na kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Hakuna aliyembishia.

Saa tano Bariki alibadilisha kufuli la kabati. Umeme ulikuwa umekatika saa nne, kama kawaida yake, na hadi saa tisa mchana simu za Buzebazeba ziliandika H bila kuyumba. Betri mbili alikuwa ameziazima mnara mwingine, nyingine ni zile ambazo usiku uliopita hazikupelekwa majini, zilikuwa zimeshiba. Wazee wanasema siku hiyo picha zote zilizokwama tangu Pasaka zilifunguka kwa mkupuo, simu moja ya mtaa wa chini ikapasuka kwa shibe.

Saa kumi Melania alikwenda hospitali ya mkoa kumsainisha Lyse maelezo yake. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akimnywesha baba yake uji kwa kijiko. Mzee Niyokwizera alikuwa amekonda, lakini alimeza. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

"Hapa, na hapa," Melania alimwonyesha. Lyse alisaini kwa herufi za shule nzuri. Ndipo simu yake iliyokuwa juu ya kabati ikalia mlio mfupi, halafu mwingine, halafu mingine mingi kama mahindi yanayokaangwa. Akaishika. Melania aliona kutoka alipokuwa. Ilikuwa picha ya Lyse mwenyewe, siku ile ya kukamatwa, betri miguuni, uso umekunjwa na jua. Haikufunguka vipande vipande. Ilitokea yote mara moja, safi hadi nyuzi za khanga zilihesabika. Chini yake, sauti ya mwanamke wasiyemjua ilikuwa inaeleza bila kukatika kwamba wezi wa betri wameachiwa, wamelindwa na polisi, watu wafunge milango yao, tuma kwa wengine kumi.

Melania aliomba namba. Ujumbe ulikuwa umeshapita mikono mingi. Namba ilikuwa ya jirani aliyewahi kuchaji simu kwa Lyse bure.

"Mwezi uliopita ungefika kesho kutwa," Lyse alisema. "Pengine usingefika."

Mzee aligeuza kichwa kwenye mto, akauliza kwa Kirundi ni akina nani hao wanaoongea.

Lyse alizima sauti, akachota kijiko kingine, akakipuliza.

"Majirani, Baba," alijibu. "Wanatusalimu."